Sukari Hakuna, Kilatini Kipo

Kwangu sukari iliisha juzi, lakini Kiingereza cha utamu kimejaa hadi darini. Kimeletwa na mpwa wangu, yule aliyekuja "kusalimia tu, mjomba" na sasa anajua siku za mgao wa maji kunishinda mimi mpangaji.

Ameonja chai, akakunja uso: "Mjomba, hii haina dulcitude."

Nikadhani ni kirutubisho. Nikauliza kinauzwa duka gani. Kumbe ni utamu! Utamu huu huu. Waingereza wenyewe wanalo neno lao la kila siku, hili wamelihifadhi kabatini kama vyombo vya wageni. Eti limetoka kwenye Kilatini, dulcitudo, na mzizi wake ni dulcis, tamu. Huko huko ndiko lilikotoka dolce la Kitaliano, lile linaloandikwa kwenye nota ili kwaya iimbe kwa ulaini. Kwaya yetu ikiliona, besi ndiyo kwanza wanapandisha.

Nikamwambia, haya, nenda dukani ukakope kwa Kilatini. Hakwenda. Nimekwenda mimi.

Muuzaji wetu alipandisha bei wakati mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji wa sukari, mwishoni mwa 2023 kuingia 2024. Mpaka leo hajapata taarifa kwamba mvua ilikatika. Kanipimia robo, nimefika nyumbani nakuta vijiwe ndani. Kabla sijamaliza kulaani, kijana kaibuka: "Lakini mjomba, asili ya sukari ni changarawe."

Ni kweli, wallahi. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni sharkara, yaani changarawe, punje punje. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, sisi sukari. Hata sukari guru kwa Kiingereza ni jaggery, neno la mzizi huo huo lililopitia kwa Wareno. Kwa hiyo muuzaji hakunipunja. Alinirudishia neno kwenye asili yake, tena kwa bei ya profesa.

Basi tutie sakarini, ule utamu wa maabara usio sukari, nikasema. Nayo ina kisa! Mwaka 1879, huko Baltimore, Marekani, mkemia Constantin Fahlberg alitoka maabara akaenda kula bila kunawa, mkate ukawa mtamu ajabu. Alikuwa akishughulika na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Sisi tukila bila kunawa tunapata kipindupindu, mwenzetu kapata hataza, hati ya kumiliki uvumbuzi! Kaichukua peke yake, bosi wake wa maabara, Ira Remsen, akanuna. Siku hizi Waingereza wakisema tabasamu ni saccharine, wanamaanisha limezidi utamu mpaka linatia shaka. Hilo nimelielewa bila kamusi: mwenye nyumba wangu analo, siku ya kupokea kodi ya miezi sita.

Muda wote huo mpwa anakoroga. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikamuuliza "kimoja kinatosha" kwa Kilatini wanasemaje.

Anasema huko bado hajafika.