Kabla ya kugeuza shuka

Vuli ilipotukatalia, tulitoka uwanjani asubuhi kusali sala ya mvua. Baada ya hotuba imamu akageuza shuka lake, la kulia likaenda kushoto, na sisi tukageuza yetu. Nilipenda kitendo kile: mtu anamwambia Mola kwa nguo yake kwamba hali hii nayo aigeuze.

Ila tuliruka ukurasa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kabla ya kutoka watu hufunga siku tatu, hutubu, hutoa sadaka na hurejesha walichodhulumu. Sisi tulikimbilia shuka.

Shangazi yangu hapa Pemba ana bonde la mpunga kando ya mkondo wa bahari. Bamvua moja, yaani maji makuu ya bahari, maji chumvi yalipanda yakaingia bondeni, na baada ya siku chache mpunga ulikauka kuanzia ncha, kama uliomwagiwa maji ya moto. "Ya Mungu hayo, mwanangu," aliniambia. Sibishi. Lakini Mungu huyo huyo anasema katika Sura Ar-Rum kuwa ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyafanya mikono ya watu.

Mikono ya nani iliyoharibu tabianchi? Mikono mizito zaidi si yetu sisi tunaopikia kuni na makumbi ya nazi. Wanazuoni waliokutana Istanbul mwaka 2015 walisema wazi kwamba nchi tajiri na zile zinazochimba mafuta ndizo zitangulie kuacha kutoa moshi unaoipasha dunia joto. Hilo ni deni lao, na tuwadai. Lakini mikoko iliyokuwa ikilikinga bonde la shangazi haikukatwa na Mzungu. Tuliikata wenyewe, kwa boriti na kwa matanuu ya chokaa. Mimi nimezibeba boriti hizo kwa baiskeli, na pesa yake nilinunulia viatu vya Idi.

Kwa hiyo nikisikia "Mungu atatuhifadhi" kutoka kwa mtu aliyekaa barazani, huwa najizuia nisijibu. Shangazi husema maneno hayo hayo, lakini maji yakipwa huwa kashafika ufukweni, mbegu za mkoko kazifunga kwenye kanga kuukuu. Nilimuuliza kama anadhani atawahi kuiona ikikua. Akaniuliza, nimekuja kuuliza au kusaidia?

Mbegu ya mkoko haichimbiwi shimo, huchomekwa tu matopeni, ncha chini. Tulichomeka mpaka maji yakaanza kujaa. Bamvua lijalo nitakwenda kuhesabu zilizobaki.