Wanaobaki na Oracle hawajalala

Gharama ya Oracle Database, programu ya hifadhidata ya kampuni ya Oracle, ikifika kwenye kikao cha bajeti, hakosi mtu wa kuuliza kwa nini kampuni isihamie PostgreSQL, hifadhidata nyingine ambayo leseni yake hailipiwi. Swali ni halali. Kinachonikera ni dhana inayokuja nalo, kwamba meneja wa TEHAMA anayeendelea kulipa ni mvivu, au ana lake na muuzaji.

Bei zinatisha, sikatai. Kwenye orodha ya Oracle, toleo la Enterprise ni dola 47,500 kwa prosesa, na "prosesa" hupatikana kwa kuhesabu viini (cores), yaani sehemu za chipu zinazofanya kazi ya kukokotoa, kisha kwa chipu za Intel na AMD unazidisha kwa 0.5. Seva moja yenye viini 32 inadai leseni 16, yaani dola 760,000. Ukitaka seva kadhaa zihudumie hifadhidata moja kwa nyongeza iitwayo RAC, ongeza dola 23,000 kwa kila leseni. Vifurushi vya kuchunguza utendaji wa hifadhidata vinalipiwa kando, ingawa kwenye toleo hilo vinakuja vimeshawashwa, na hifadhidata yenyewe hutunza kumbukumbu kwamba vimetumika. Mkaguzi wa leseni akija, ushahidi anaukuta ndani kwako. Na ukitumia VMware, programu inayoigawa seva halisi kuwa seva pepe kadhaa, Oracle haikubali kuhesabu kile kipande tu ulichoitengea hifadhidata yake. Kampuni ya chokoleti ya Mars ilifikia kuipeleka mahakamani mwaka 2015 kwa mzozo wa ukaguzi wa namna hiyo.

Ila mteja mkubwa halipi bei ya orodha, hupewa punguzo. Tarakimu ya kukosesha usingizi ni 22.

Asilimia 22 ya bei uliyonunulia ndiyo ada ya huduma ya kila mwaka. Miaka mitano umelipa asilimia 110: leseni umeinunua mara ya pili, na mwaka wa sita bado unaisubiri ankara. Kwa seva yetu ya viini 32, bila punguzo, ni dola 167,200 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya, kwa hiyo ada hiyo ingekuwa takriban shilingi milioni 19. Januari 2024 dola ilipopita 160, ada ileile, Oracle isipopandisha hata senti, ingekaribia milioni 27. Hakuna seva iliyoongezwa wala mteja mpya aliyehudumiwa. Na kuikata ada si rahisi, maana ndiyo inayoleta viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi, na benki gani itasimama mbele ya msimamizi wake ikasema viraka imeviacha?

Kwa nini basi wabaki? Watetezi wa kuhama hupenda kuitaja Amazon. Oktoba 2019 ilitangaza kwamba imemaliza kuhamisha petabaiti 75 za data kutoka hifadhidata karibu 7,500 za Oracle, na gharama zikashuka kwa zaidi ya asilimia 60. Kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini tangazo hilohilo lina maneno ambayo wengi huyaruka: iliyohama yote ni mifumo ya Amazon yenyewe, na baadhi ya programu za kampuni nyingine zilizofungamana na Oracle ziliachwa palepale. Kampuni inayouza huduma za hifadhidata duniani kote, yenye timu zaidi ya 100 kwenye kazi hiyo, ilikomea kwenye programu za watu wengine.

Benki ya kawaida ya Nairobi au Dar es Salaam imejaa programu za watu wengine. Mfumo wake mkuu mara nyingi ni wa kununua, na aliyeuuza ndiye anayetaja hifadhidata atakazozihudumia. Ukihama bila ridhaa yake, mfumo ukigoma siku ya mishahara utapiga simu na kuulizwa kwanza unatumia hifadhidata gani. Maongezi yataishia hapo.

Hata msimbo wa ndani una mitego. PL/SQL ya Oracle na PL/pgSQL ya PostgreSQL, lugha za kuandikia programu ndani ya hifadhidata, zinafanana kiasi cha kudanganya. Oracle huchukulia maandishi yasiyo na herufi hata moja kuwa sawa na NULL, alama ya kwamba thamani haipo, PostgreSQL huvitenganisha. Ripoti iliyoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani inaweza kuhama, ikaendeshwa bila kosa lolote kwenye skrini, kisha ikaleta idadi nyingine ya wateja. Kosa linalosimamisha mfumo hugundulika siku hiyohiyo. Hili linaweza kukaa hadi wakaguzi wa hesabu waje.

Kwa mfumo mpya sina utetezi kama huo. Anayeanzisha programu leo juu ya toleo la Enterprise, bila sababu inayoandikika kwenye karatasi moja, anastahili maswali yote ya kikao. Na anayetaka kupunguza polepole asome kwanza masharti ya huduma ya Oracle: ukirudisha sehemu ya leseni za mkataba mmoja, ada ya zinazobaki hukokotolewa upya kwa bei ya sasa, ilimradi isizidi uliyokuwa ukilipa mwanzo. Unaweza kuzima nusu ya seva na ankara ikabaki karibu palepale. Mikataba iliyosainiwa mmojammoja kwa kila mfumo hufutika kila mmoja peke yake bila kugusa mingine. Ule mmoja mkubwa uliounganisha kila kitu, ambao siku ya kusaini ulipigiwa makofi kwa punguzo lake, ndio mgumu kuutoka.