Wiki ya Busara: nendeni kabla ya magharibi

Kila ikiingia Februari, mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara hapa Zanzibar, simu yangu haipoi. Binamu yangu wa Dar anauliza apande boti ya siku gani. Jirani anataka kujua kama ana pesa ya tiketi ya usiku mmoja tu, anunue ya usiku upi. Wenzangu niliosoma nao skuli, ambao sasa wako Muscat na wanakuja likizo, wanataka niwapangie wiki nzima. Mwaka huu nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Nasema mapema kwamba sianzi na majina makubwa ya saa 4 usiku. Hayo yana mabango yake, hayanihitaji mimi. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba muziki mzuri kuliko wote katika wiki ya Sauti za Busara hupigwa wakati wengi wetu bado tuko nyumbani tunaoga. Sisi wenyeji ndio tunaoukosa zaidi. Wageni wanafika saa 11 na kofia zao, wanakaa kwenye majani ya Ngome Kongwe, mbele ya jukwaa, wanamsikiliza mpiga udi, ile ala ya nyuzi, wa Ng'ambo kwa makini. Sisi tunaingia saa 3 usiku na kuuliza, "Nani ameshapiga?"

Najua sababu tunayojipa: hawa ni wetu, tutawaona siku nyingine harusini. Nami niliamini hivyo mpaka mwaka 2016. Tamasha lilikuwapo tangu 2004, na mwaka huo halikufanyika kwa kukosa fedha. Wiki ambayo ingekuwa yake nilipita Forodhani jioni nikasimama mbele ya lango la ngome. Kimya. Wauza urojo walikuwepo, watoto walikuwa wanaruka baharini kama kawaida, lakini ndani ya kuta zile hapakuwa na hata mtu anayejaribu maikrofoni. Tangu siku ile sikuambii tena kwamba kuna kitu kitakuwepo tu.

Basi tuanze. Jumatatu pumzika. Jumanne usiku nenda kwenye mazoezi ya klabu. Hapa sina mzaha: kama una usiku mmoja tu wiki nzima na huna hata senti ya tiketi, uwe huu. Mjini kuna vikundi viwili vikubwa vya taarabu asilia. Nadi Ikhwan Safaa, ambayo watu wa mjini wanaiita Malindi, ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ni ya 1958, na klabu yake iko Vuga. Ulizia barazani wanafanya mazoezi usiku gani, maana karibu na tamasha siku hubadilika. Ingia kwa adabu, toa salamu, kaa kwenye benchi la ukutani, usipige simu.

Fika mapema uone kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, inavyotiwa sauti. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu, na kila tatu lazima zilie kama uzi mmoja. Februari ni kaskazi, joto limebana na hewa ya bahari imejaa chumbani, nyuzi hazitulii. Fundi anavaa pete za chuma kwenye vidole vyake vya shahada, anachomeka kijiti cha kudonolea kati ya pete na kidole, anadonoa, anazungusha ufunguo kidogo sana, anadonoa tena. Wenzake wanaongea, mmoja anakunywa chai, mwingine anasugua upinde wa fidla kwa utomvu. Yeye hasikii lolote isipokuwa nyuzi zake. Nimewahi kukaa nusu saa nikimtazama mtu akifanya hivyo na sikuona muda ulivyokwenda.

Usiku mmoja walikuwa wanafanya bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno. Kijana mmoja kwenye safu ya fidla aliteleza mahali fulani katikati. Mzee aliyekuwa anaongoza aliinua mkono, wote wakanyamaza. Hakutoa karatasi. Aliuimba ule msitari kwa mdomo, taratibu, na kidole chake kikipanda na kushuka hewani pale sauti inapopanda na kushuka. Kijana akaupiga. Mzee akatikisa kichwa, akaimba tena. Mara ya nne bado. Mara ya tano mzee hakusema kitu, aliinamia udi wake na bashrafu ikaendelea. Ukishaiona hiyo, siku ya Ijumaa ukimwona kijana yule yule jukwaani amevaa kanzu safi chini ya taa, utasikia tofauti kabisa.

Jumatano watafute vijana. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza mwaka 2002, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa lile jengo la zamani la forodha, Mizingani. Ukipita chini yake alasiri ulisikia akordioni dirisha hili na ngoma dirisha lile. Humo ndimo walimotoka Siti and the Band, na TaraJazz nao ni matunda ya chuo hicho. Ukisikia jina mojawapo limetajwa popote mjini wiki hiyo, hata kama ni kwenye dari ya hoteli, nenda.

Kuna wazee ninaowaheshimu sana wanaosema vijana hawa wanaharibu taarabu kwa kuichanganya na jazi na besi ya umeme. Nimewasikiliza, na bado sikubaliani nao. Kanuni yenyewe ilitufikia kutoka Misri, enzi za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim huko akajifunze. Fidla na akordioni hazikuota Bungi wala Bumbwini. Na taarabu ilikuwa ikiimbwa Kiarabu kwenye kumbi za wakubwa mpaka akatokea Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili na mwaka 1928 akaenda kurekodi sahani Bombay. Mwanamke yule alibadilisha zaidi ya vijana wote hawa wakiwekwa pamoja. Ninachowadai vijana ni kimoja tu, wajue kukaa kwenye bashrafu kabla ya kuivunja. Wengi wao wanajua, na inasikika.

Alhamisi mimi husaka kidumbaki. Hiki huwezi kukipata kwa ratiba. Kidumbaki ni ndugu wa taarabu aliyekulia uani, na nyumbani kwake ni harusi. Vyombo vyake vichache: vigoma viwili vidogo vya udongo, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vifupi vya kugonganisha, fidla moja inayolia bila kupumzika, na sanduku. Sanduku nalipenda kupita kiasi. Ni sanduku la chai lililofunikwa kifudifudi, kamba moja imetoka katikati ikafungwa kwenye fimbo. Mpigaji anaweka mguu juu ya sanduku lisiruke, anavuta fimbo kamba ikaze, analegeza, na kamba ile moja inakuwa besi nzima. Mikono yao imeota sugu. Mwimbaji anaunganisha wimbo na wimbo bila kituo, maneno yanazidi kuwa makali, akina mama wanaingia katikati na kanga kiunoni. Kama wiki hiyo una ndugu anayeoza, hata wa mbali, usikatae mwaliko.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Mwaka ambao kuna maandamano ya ufunguzi, yafuate kwa miguu nyuma ya beni, karibu na matarumbeta, vumbi lisikutishe. Kisha usirudi nyumbani kubadilisha nguo. Ingia ngomeni moja kwa moja. Saa 11 na kitu jua linakuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa upande wa bahari, mawe ya ngome yanageuka rangi ya dhahabu, na jukwaani mara nyingi utakuta kikundi cha hapa hapa: taarabu, kidumbaki, ngoma ya shamba. Mitambo bado haijapandishwa kwa ajili ya umati, kwa hiyo unasikia pumzi ya mpiga nai inapoingia kwenye mwanzi. Saa 4 usiku husikii hilo hata ukisimama mbele kabisa, besi imeshameza kila kitu. Na kila anayepanda pale anapiga kweli. Busara haikubali mtu kupanda na sidii akafunguafungua mdomo, na hilo peke yake ni sababu ya kulipenda tamasha hili.

Jumamosi, watazame wanawake. Zamani katika orkestra zetu mwanamke aliimba, vyombo vikashikwa na wanaume. Tausi, kikundi cha Bi Mariam Hamdani, kiliwakalisha wanawake kwenye fidla, udi na kanuni, na leo msichana wa Kikwajuni anabeba boksi la fidla mgongoni mchana kweupe na hakuna anayegeuka. Ukikuta ratiba ina kikundi cha wanawake, hiyo ndiyo tiketi yako. Nawapendekeza vilevile The Zawose Queens wakipita, wale mabinti wa Kigogo waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2024. Sauti zao zinapishana hewani kama ndege wa jioni.

Siwezi kutaja Jumamosi nisimtaje Bi Kidude. Alikuwa akipanda jukwaa lile akiwa ajuza kabisa, sigara mkononi, akishuka kwenye taarabu na kuingia kwenye unyago na ngoma yake ya msondo katikati ya miguu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, dunia ikamjua. Alifariki Aprili 2013. Wako watu wa mtaani kwangu waliokuwa wakisema "tutamwona mwakani" kila mwaka.

Wanamuziki wageni kutoka nje, Komoro, Réunion, Senegali, Kongo, chagua unayempenda, wote wamechujwa. Ushauri wangu mdogo: mmoja kati yao awe wa lugha usiyoielewa kabisa. Jumapili ni ya kucheza. Ikiwa kuna dansi au singeli, vaa viatu vya kufungwa na usijali.

Jambo moja la mwisho, kuhusu kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti mkononi akiwa anaimba. Watu wengi wakiingia ngomeni wanadhani desturi hiyo imebaki nje ya lango, kwa sababu kuna kamera na uzio. Miaka michache nyuma, jioni mapema, hatukufika hamsini mbele ya jukwaa. Bibi mmoja aliyevaa buibui aliinuka nyuma kabisa. Alipita katikati ya majani taratibu, akiyumba na mdundo, noti ameinyoosha juu kwa vidole viwili. Wapiga picha wakampisha. Alipofika, mwimbaji aliinama, akaipokea kwa mikono miwili, kisha akaurudia ule ubeti kwa sauti ya chini, akimtazama yeye tu. Mpiga kanuni akamfuata chini vilevile. Bibi akasikiliza mpaka mwisho wa ubeti, akageuka, akarudi kukaa.

Ijumaa nitakuwepo kuanzia saa 11, upande wa kushoto wa jukwaa, na mto wangu wa kukalia. Noti ndogo ndogo nimeshaanza kuziweka pembeni. Mkiniona, njooni tukae pamoja.