Grupu la WhatsApp peke yake halijengi nyumba

Jamani hili naomba niliseme maana naona watu wengi wanaumia nalo kimya kimya. Siku hizi mradi wowote ukianza, iwe harusi, iwe ujenzi, iwe biashara ya watu watatu, cha kwanza linafunguliwa grupu la WhatsApp, anapatikana admini, inawekwa picha, basi watu wanahesabu kazi imeshaanza. Grupu nalipenda na letu lipo mpaka leo, ila kuendeshea mradi humo ndani ni kujitafutia hasara.

Sisi tunamjengea mama nyumba Morogoro. Mimi niko Dar, kaka yuko Mwanza, dada yuko Muscat, wadogo zetu wawili bado wanasoma, na fundi mkuu ndo yuko saiti. Wakati wa jamvi, yaani zege la sakafu, kaka akaandika kwenye grupu usiku kwamba ameshalipia mifuko 40 ya saruji, dukani watapeleka kesho kutwa. Asubuhi ikaingia taarifa ya msiba wa jirani wa zamani, grupu likajaa pole, Amina, na meseji za sauti za dakika tatu tatu, ujumbe wa saruji ukazama huko juu na mimi sikuuona kabisa. Fundi hayumo kwenye grupu la familia, akanipigia, "dada saruji vipi, vijana wamekaa," nikatuma hela, ikanunuliwa mifuko mingine 40. Sasa stoo yenyewe ni mabati ya kuungaunga na ilikuwa masika, nilipofika nikakuta mifuko ya chini imeganda, ukiigonga ni jiwe. Hela ile dada anaitafuta kwa jasho kwenye nchi ya watu. Niliumia sana.

Ndo nikakaa chini nikaanza kutafuta, nikaishia kwenye Trello, programu ya ubao wa kadi ambazo unazisogeza safu hadi safu kazi inavyoendelea. Imeanza 2011, mwaka 2017 ikanunuliwa na Atlassian, lakini wazo lake ni la zamani zaidi, linatoka viwanda vya Toyota kule Japani ambako injinia Taiichi Ohno aliweka utaratibu wa kadi, kanban wanaita, yaani kitu hakitengenezwi wala hakiletwi mpaka kadi iseme kinahitajika. Niliposoma hapo nikaiona saruji yetu waziwazi. Kama ingekuwepo kadi moja tu imeandikwa saruji ya jamvi, na wote tunaiangalia hiyo hiyo, nani angenunua mara ya pili?

Ubao wetu una safu nne: Bado, Imelipiwa, Iko saiti, Imekwisha. Hiyo ya Imelipiwa huikuti kwenye mifano mingi mitandaoni, tuliiweka wenyewe na siitoi, maana kwa ujenzi wetu wa kudunduliza, kati ya kulipia na mzigo kufika ndo pesa nyingi inapopotelea. Na kila kadi ina jina la mtu mmoja na tarehe. Mmoja, kwa sababu kadi yenye majina matatu kila mtu anamsubiri mwenzake. Trello ya bure ina mwisho wa watu 10, sisi inatutosha kabisa.

Pesa tumeiweka Google Sheets, na hapa ndo naomba watu wa familia wanisikilize vizuri. Kila anayechanga anaona jedwali lote, tarehe, kiasi, kimenunuliwa nini, na linki ya picha ya risiti, na wanaoruhusiwa kuandika ni wawili tu, wengine wanaangalia. Kuna kitu kinaitwa historia ya matoleo, kinaonyesha nani amebadilisha nini na saa ngapi, kwahiyo siku namba ya nondo ilipobadilika hatukuanza kushukiana, tulifungua tukaona mdogo wetu alisahihisha baada ya kupata risiti yenyewe, yakaisha hapo hapo. Magomvi mangapi ya ndugu yameanzia kwenye namba kama hiyo? Faili ukilihifadhi kwenye simu linafunguka hata bando likikata.

Kupanga muda nilijaribu GanttProject, ya bure, unaiweka kwenye laptopu. Unachora kazi kama mistari na unafunga ipi isianze kabla ya ipi. Ilinisaidia sehemu moja kubwa, pale kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, maana zege linamwagiliwa maji siku saba na kuendelea, kwahiyo mafundi wa kenchi, mbao za paa, wasiitwe mapema wakaja kulipwa posho ya kukaa. Baada ya hapo nikarudi kupaka rangi kwenye jedwali, inatosha.

Programu nyingine kama Asana, Notion na ClickUp nimezifungua zote, nzuri kweli kwa ofisi yenye watu wanaoshinda kwenye kompyuta. Kwetu hapana. Mimi naamini programu unaichagua kwa kumwangalia mtu mwenye simu ndogo kuliko wote kwenye mradi, na kwetu ni fundi, simu yake kioo kimepasuka na bando ananunua la siku. Huwezi kumwambia afungue akaunti mpya akariri nywila. Yeye anapiga picha jioni anatuma WhatsApp, kwenye grupu dogo tulilotenga la saiti tu, hakuna salamu ndefu humo, na mdogo wangu ndo kazi yake kusogeza kadi kabla hajalala. Linki ya ubao tumeibandika juu ya grupu, inakaa siku 30 halafu inabidi uibandike tena.

Wengine mtasema familia yenu haiwezi haya mambo. Mama hajawahi kuifungua Trello hata mara moja, namtumia skrinishoti ya ubao kila Jumapili baada ya kanisa basi. Wiki iliyopita kanipigia yeye mwenyewe, hata salamu hajamaliza, "Wewe, mlango wangu wa jikoni mbona wiki ya tatu hii uko kwenye Bado?" Nikaenda kuangalia, kweli, kadi haikuwa na jina la mtu. Nimeweka la kwangu, tarehe 15.