Kabla ya kuwasha kamera, pitieni kilioni

Nimetimiza miaka kumi na moja hapa Liège, Ubelgiji. Kazi yangu ni kuangalia wazee. Nilizaliwa Kadutu, pale Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kila nikikaa na wenzangu wa hapa tukaingia katika habari za kifo, naona tunaachana tangu swali la kwanza.

Oktoba 2022, saa ya kahawa, mwenzangu mmoja alinisogezea simu yake. Ni mama mpole, anajua kumlisha mzee asiyetaka kula bila kumpandishia sauti. Mwanawe wa miaka 15 alitaka kuvaa kama Jeffrey Dahmer, yule muuaji wa Marekani, siku ya Halloween, sikukuu ya mavazi ya kutisha: miwani mikubwa ya fremu ya chuma, shati la mistari, nywele zimepakwa rangi ya njano. Akaniuliza kama mume wangu hana miwani ya zamani ya namna ile. Wengine mezani walikuwa wameshazama katika ile tamthilia ya Netflix juu yake. Mwigizaji Evan Peters amemwiga sawasawa, hata mwendo. Ni mzuri wa sura. Utoto wa yule mtu ulikuwa wa upweke, inasikitisha kweli. Nilisikiliza mpaka kahawa yangu ikapoa. Dahmer aliua vijana na watoto wa kiume 17 kati ya 1978 na 1991, na mezani pale halikutajwa jina la hata mmoja wao.

Nikamuuliza yule mama: mwanao akitaka kuvaa kama Dutroux, utamtafutia nguo?

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe chake. Hakuna aliyesema kitu. Kwa msiojua: Marc Dutroux alikamatwa Agosti 1996. Aliteka wasichana, akawafungia katika chumba cha siri chini ya nyumba yake ya Marcinelle, karibu na Charleroi. Wawili kati ya waliokufa walikuwa na miaka 8 tu, na polisi walikuwa wameipekua nyumba ile watoto wakiwa humo hai, wakasikia sauti za watoto, wakaondoka bila kuwapata. Tarehe 20 Oktoba 1996 watu wapatao 300,000 waliandamana Brussels wakiwa na nguo nyeupe na maua meupe. Yule mwenzangu alikuwa msichana wakati ule, na alitembea siku hiyo akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Alinisimulia baadaye, macho yakiwa mekundu. Siwezi basi kusema watu wa hapa hawajui uchungu. Wanaujua sana. Ila Milwaukee, mji alikoulia Dahmer, ni mbali kwao, na waliokufa kule, wengi wao vijana weusi, hawakuwahi kuwa watoto wa jirani yao.

Jumapili ile nilimpigia mama yangu Bukavu, nikamweleza habari ya hiyo filamu. Hakuniuliza chochote juu ya muuaji. Aliniuliza hivi: "Ule mutoto wa kwanza ni wa kwa nani?" Halafu: "Mama yake angali muzima?" Halafu: "Na bale ba filme, balipita kwake kumusalimia?" Yaani wale waliotengeneza filamu.

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta, na nililolipata liliniumiza kuliko filamu yenyewe. Dada wa kijana mmoja aliyeuawa alisimama mahakamani mwaka 1992 na kumtolea Dahmer uchungu wake wote kwa kelele. Tamthilia ilimchukua mzima mzima: nywele zake, nguo zake, maneno yake neno kwa neno. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuna aliyewasiliana naye wala kumwomba ruhusa. Alijiona kwenye skrini akilia kilio chake, kwa kinywa cha mtu mwingine.

Kwetu ungeanzia wapi kufanya hivyo? Mtu akifa, bashi, yaani turubai, inafungwa mbele ya nyumba, viti vinapangwa, wanawake wanakaa chini ndani na mama wa marehemu, wanaume wanabaki nje na moto. Ukifika huanzi na maswali. Unasalimia, unatoa pole, unaacha mchango wako unaandikwa kwenye kaye, lile daftari, unakaa. Kisha mzee wa familia ndiye anayeeleza: aliugua lini, alipelekwa wapi, alisema nini mwisho. Habari ya kifo ina mwenyewe. Ukiisikia unaweza kuibeba mpaka Bagira, upande mwingine wa mji, hakuna atakayekukataza, kwa sababu ulipewa na mwenye nayo.

Ryan Murphy, mmoja wa waliotengeneza tamthilia hiyo, alisema waliwatafuta jamaa na marafiki wapatao 20 wa waliouawa na hakuna hata mmoja aliyejibu. Nalipokea neno lake. Lakini mtu akibisha hodi mara ya kwanza na mwenye nyumba asijibu, haingii akaanza kupiga picha sebuleni. Najua sheria ya Marekani inaruhusu, kesi ilikuwa wazi na kumbukumbu zake ni za umma. Mimi naongea juu ya heshima. Tamthilia ile ilipita saa bilioni 1 za kutazamwa ndani ya siku 60 za kwanza. Kwa mali ya namna hiyo, mngeweza kungoja mlangoni mwaka mzima.

Niseme haki pia: niliitazama hadi mwisho, na kuna sehemu ningependa mama yangu aione. Ni ya Glenda Cleveland. Filamu imemweka mlango kwa mlango na Dahmer, ingawa kwa kweli aliishi jengo la pembeni. Mei 1991 binti yake na mpwa wake walimkuta mtoto wa miaka 14, wa familia iliyotoka Laos, yuko uchi barabarani, amelewa dawa. Polisi walifika, wakamwamini Dahmer, wakamrudishia mtoto. Mama Cleveland alipiga simu tena na tena kusema yule ni mtoto. Wakamwambia ni mtu mzima. Mtoto aliuawa usiku huohuo.

Nilipofika hapo nilisimamisha filamu, kwa sababu niliona Kavumu. Sisi wa Bukavu tunaijua Kavumu kwa uwanja wa ndege; kila niliporudi nyumbani ndipo nilipokanyaga udongo wetu kwanza. Pale pale, tangu 2013, watoto wa kike walikuwa wanachukuliwa usiku kitandani mwao, wanapatikana asubuhi wamebakwa na kuharibiwa, wanakimbizwa kwa madaktari wa hospitali ya Panzi, Bukavu. Wengine walikuwa hawajafika hata miaka mitatu. Wazazi walilalamika, mwaka ukapita, na mwingine. Mkuu wa kundi la wanaume waliofanya hayo alikuwa mbunge wa jimbo. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa palepale Kavumu na kuwafunga maisha wanaume 11, yeye akiwemo. Watoto hawakusimamishwa mbele ya watu, ushuhuda wao ulionyeshwa kwa video. Nchi yetu inashindwa mambo mengi, lakini siku hiyo ilimkumbuka mtoto.

Wasichana wale sasa ni vijana. Wanakwenda shuleni, wanapita sokoni. Akija mtu kesho na kamera kutaka filamu ya Kavumu, nataka aanzie kwa mama zao.

Na sisi tusijitakase. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, simu yangu ilijaa picha za maiti, zimetumwa na ndugu zangu wenyewe, watu wa kanisa, watu wanaojua kukaa kilioni. Mama mdogo wangu alimtambua kijana wa avenyu yetu kwa shati, ndani ya grupu la WhatsApp, kabla ya mama wa huyo kijana kuambiwa. Nani alipita kwake kwanza?

Oktoba 2025 ilitoka tamthilia nyingine, ya muuaji Ed Gein, mtu wa Plainfield, Wisconsin. Yule mwenzangu akaniuliza kama nimeshaiona. Nikamwambia bado, nilitaka kwanza kujua aliua nani. Nikamweleza: Mary Hogan, aliyekuwa na baa, 1954. Bernice Worden, mwenye duka la vifaa vya chuma, Novemba 1957. Mwanawe Bernice alikuwa naibu wa sherifu palepale; ndiye aliyeingia dukani, akaona damu sakafuni, mama hayupo.

Mwenzangu aliweka simu chini, akavuta kiti. "Huyo kijana," akaniuliza, "alibaki na nani?"