Antivirusi peke yake haitoshi

Asante mwandishi kwa habari hii, ila pale uliposema antivirusi inatosha kuilinda Windows 10 dhidi ya SMBGhost, kosa la usalama la Windows, sikubaliani nawe hata kidogo. Kosa lenyewe, lililosajiliwa kama CVE-2020-0796, limo ndani ya srv2.sys, draiva ya kerneli (kiini cha mfumo) inayopokea maombi ya kushirikiana mafaili kupitia poti 445. Draiva hiyo inajumlisha namba mbili zilizoandikwa na mtumaji, kisha inatenga kumbukumbu kulingana na jumla. Namba hizo ni za biti 32, mwisho wake 4,294,967,295. Mshambuliaji akiandika hiyo kama ukubwa wa data na 16 kama ofseti (umbali hadi data inapoanzia), jumla inapita mwisho huo, inazunguka kuanzia sifuri na kuwa 15! Basi inatengwa nafasi ndogo, halafu data iliyobanwa inafumuliwa humo, debe zima la maji kwenye kikombe cha kahawa. Kinachofurika kinaandikwa juu ya kumbukumbu ya kerneli, penye mamlaka makubwa kuliko yote, na wala haihitajiki nywila. Inauma, maana dawa yake ni kukagua jumla kabla ya kutenga.

Microsoft walitoa apdeti ya kuziba kosa hili, KB4551762, tarehe 12 Machi 2020 kwa matoleo ya Windows 10 ya 1903 na 1909. Nyie wenye ofisi na intaneti kafe mliozima apdeti ili kuokoa bando, nawaomba sana muiweke. Kuzima ubanaji wa data katika SMBv3, itifaki ya kushirikiana mafaili, kunaisaidia seva tu. Kompyuta ya mteja bado inanaswa ikishawishiwa kuunganishwa na seva ya mhalifu.