Funguo Zangu Zimo Kwenye Friji

Kabla hujaanza kunicheka, ujue kwanza kwamba ule ujanja wa kuweka funguo za gari kwenye friji sikuubuni mimi. Nimeukuta kwenye fani hii ya kurekodi sauti za filamu, na watu wa sauti wa nchi nyingi wanaujua. Friji ina mota inayojiwasha na kujizima kwa saa zake yenyewe. Ukirekodi sini ya jikoni, mara ya kwanza inanguruma, mara ya pili imetulia, na mhariri akija kuunganisha vipande viwili unasikia ngurumo, kimya, ngurumo, kama vile kuna mtu amelala chini ya meza anakoroma. Kwa hiyo ukifika lokesheni, kitu cha kwanza ni kuzima friji. Shida inakuja jioni. Umechoka, unakusanya waya zako, unaondoka, na mwenye nyumba anaamka kesho yake anakuta nyama yake inanuka. Ndiyo maana unaweka funguo za gari humo ndani. Huwezi kurudi kwako bila kuifungua, na ukiifungua unakumbuka kuiwasha.

Ujanja mzuri sana, ila umejengwa juu ya dhana moja: kwamba friji itabaki na wewe ndiye utakayeondoka.

Mimi ni deiwaka wa sauti. Leo filamu fupi, kesho tangazo la sabuni, keshokutwa niko nyumbani nafuta vumbi kwenye maiki na kuangalia simu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Siku ile prodyuza alinipigia akaniambia ni tangazo la soda, "kazi ndogo tu, ya siku moja". Ukisikia kazi ndogo kwenye fani hii, jua kilicho kidogo ni idadi ya watu. Kazi yenyewe iko palepale. Nilitakiwa nirekodi sauti, jioni ninakili kadi za kamera, na "kama hutajali kaka" nishike ule ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Malipo siku 30 baada ya ankara. Siku 30 za prodyuza unaweza kusherehekea siku yako ya kuzaliwa mara mbili ndani yake, lakini nilikubali, maana mwezi ule simu ilikuwa imelia mara moja tu, na aliyepiga alikosea namba.

Nikafika alfajiri. Vyombo vyangu vizito, mgongo wangu ni wa mkopo, hivyo nikaegesha karibu kabisa na mlango, nyuma ya gari la kamera na taa. Tuseme wazi: nililiziba. Nikajiambia nitalisogeza baadaye.

Jikoni kulikuwa na friji nzuri, nyeupe, ya kizamani kidogo, ile yenye mpini wa chuma. Nikazungusha kitufe cha baridi mpaka sifuri, nikachomoa na waya, nikatupia funguo kwenye droo ya mboga ambako kamera isingezifikia. Funguo zangu zina kikengele. Nilizifunga mwenyewe, kikengele kidogo cha shaba, ili zisinipotee. Kikumbuke hicho kikengele.

Sini yenyewe ilikuwa ya dada mmoja anafungua friji, anatabasamu, anachukua soda. Mwongozaji akataka kamera ndogo iwekwe ndani, nyuma ya chupa, tumwone akifungua. Nami nikataka ule mlio wa mpira wa mlango unavyoachia. Nikabandika maiki ndogo pembeni ya trei ya mayai, transimita yake, kile kifaa kidogo kinachorusha sauti hadi kwenye mashine yangu, nikaibana kwenye rafu, na antena, ambayo ni kipande cha waya tu, nikaipenyeza nje kupitia mpira wa mlango, kwa sababu sanduku la chuma na mawimbi ya redio haviivi chungu kimoja. Nilijisifu sana kwa ile antena. Nilimwita hadi mpiga picha aje aione.

Aliyehusika na kupendezesha bidhaa alikuwa dada mmoja mpole mwenye mikono ya daktari wa upasuaji. Alikuwa anapulizia chupa gliserini iliyochanganywa na maji, ndiyo yale matone unayoyaona kwenye matangazo ukadhani ni baridi. Barafu zake ni za plastiki. Na kwenye zile chupa za mbele alidondoshea sabuni ya kuoshea vyombo, tone moja moja kwa sindano, ili povu likifunguka lisimame. Akatangaza kwa sauti: "Hizi za mbele mtu asinywe!" Wote tukaitikia. Wote tuliokuwepo jikoni, yaani.

Halafu, na hili nalo ni langu, nikasikia ule mlio wa simu kwenye hedifoni, trrr-trrr-trrr, simu ya mtu inatafuta mtandao. Nikasimamisha kazi. Nikatoa hotuba. Nikadai simu zote zikusanywe kwenye sanduku, kwa kuwa siwaamini watu wakisema wamezima. Msaidizi wa mwongozaji akapita na sanduku kama anakusanya sadaka. Akachukua za wasanii, za taa, za vijana wawili wa vifaa, hata ya dereva wa lori aliyekuwa ameingia kuomba maji ya kunywa tu.

Mchana ukaenda. Sini ya friji ikaisha, tukahamia sebuleni, jua likazama, na ikafika dakika ambayo ni yangu.

Kila mwisho wa kurekodi, mtu wa sauti huomba ukimya wa chumba. Watu wote wanasimama walipo, hakuna anayeongea, hakuna anayesogea, na unarekodi kile chumba chenyewe kinavyopumua, nusu dakika au dakika moja, ili mhariri awe na kitu cha kuzibia mapengo. Kila mtu anaichukia dakika hiyo, kwa kuwa ndiyo inayosimama kati yake na nyumbani. Mimi naipenda. Ndiyo dakika pekee ambayo hata mwongozaji ananiogopa.

"Kimya! Tunarekodi chumba!"

Wakaganda. Sekunde ya tano, nikasikia: kling.

Nikainua kichwa. Kling, kling-kling. Mlio mwembamba, wa juu, safi kabisa.

"Kata. Nani anachezea funguo?"

Hakuna aliyejibu. Tukaanza upya. Kling-kling. Nikawaambia, jamani, mimi nasikia, msinifanye mtoto. Kila mwenye funguo aziweke mezani. Zikawekwa. Kling. Sarafu pia. Zikawekwa. Kling-kling-kling. Nikamwangalia yule dada wa friji, nikamwomba kwa upole avue bangili. Akavua, amenuna. Mpiga picha akafungua mkanda. Meza ikawa kama ya pale uwanja wa ndege, na mimi katikati, macho nimefumba, kidole juu, natoa somo: "Hii ni shaba. Shaba ndogo. Inatikiswa na mtu mwenye haraka."

Nilikuwa sahihi kabisa, kama unavyoona. Iliyokosewa ni anwani tu.

Mara kikaja kishindo, halafu injini ikawaka masikioni mwangu, halafu sauti ya mwanamume, karibu kama amenikalia begani: "Nzito hii. Wameweka nini humu?"

Nikageuka. Nyuma yangu hakukuwa na mtu.

"Fungua tuone." Ukasikika ule mlio wa mpira wa mlango unavyoachia, mzuri kuliko wote niliorekodi siku nzima. "Ah! Kumbe bado wameacha soda."

"Chukua mbili. Nani atajua?"

Ndipo nilipotazama mashine. Chaneli ya tatu, ile ya friji, sikuifunga. Mshale unacheza. Nikasikia kizibo kikifunguka, povu likapanda, kama alivyoahidi yule dada, likasimama. Kikafuata kimya kifupi. Halafu mtu akatema kwa nguvu.

"Hii soda au sabuni?"

Kling-kling, ikajibu droo ya mboga, na sauti zikaanza kukatikakatika, maana zile transimita kwenye uwazi ni mita kama 100 tu, na lori lilikuwa limekata kona. Kitu cha mwisho nilichosikia ni kijana akipiga kwikwi.

Nikavua hedifoni. Watu wote bado wamesimama kimya, mikono wazi, mpiga picha kashika suruali.

"Friji iko wapi?" nikauliza.

"Imeondoka," akasema msaidizi wa mwongozaji. "Nimewaruhusu wapakie ili tuokoe muda. Si tulimaliza nayo?"

"Wapigieni simu."

Prodyuza akampigia kijana wa kwanza. Sanduku kwenye kona likalia. Akampigia wa pili. Sanduku likalia tena, wimbo tofauti. Akampigia dereva. Hapo hakuna aliyegeuka kulitazama sanduku, walinitazama mimi. Hotuba yangu ya asubuhi walikuwa bado wanaikumbuka neno kwa neno.

Sasa gari langu limeziba gari la kamera, na gari la kamera lilitakiwa kurudishwa kwa wenyewe kabla ya saa mbili usiku, la sivyo inahesabiwa siku ya pili. Prodyuza akaniuliza ufunguo wa akiba uko wapi. Nyumbani. Wa nyumba uko wapi? Uko kwenye hizohizo funguo, kaka.

"Na friji inapelekwa wapi?"

Hapo prodyuza akakaa chini. Akasema taratibu, kama mtu anaungama: "Kwa mama mkwe."

Kumbe bajeti ya kukodi friji haikuwepo. Alimwambia mama mkwe wake kwamba amemwona mama anahangaika na friji ya zamani, basi ataichukua siku moja aipeleke kwa fundi, kama zawadi. Mama alimshukuru sana. Aliwapigia hadi mashangazi.

Tukapanda gari dogo la yule dada wa kupendezesha bidhaa, prodyuza mbele, mimi nyuma nimekumbatia begi la maiki, maana sikuwa tayari kuliacha, na fimbo ya maiki imetokeza dirishani kama tunakwenda kuvua samaki. Njiani hakuna aliyezungumza. Ule ungekuwa ukimya mzuri sana wa kurekodi.

Tulipofika lori limeshaondoka. Mama amesimama mlangoni, na mkononi ameshika transimita yangu kwa mkia wa antena, mbali na mwili, kama panya. Taa yake nyekundu bado inawaka.

"Shikamoo mama," akasema prodyuza.

"Marahaba. Mkwe wangu, hiki ni nini?"

Prodyuza akafungua mdomo, ukabaki wazi. Nikaona ndoa ya mtu inayumba mbele ya macho yangu kwa sababu ya kifaa changu.

"Ni cha kupimia baridi, mama," nikasema. "Mimi ndiye fundi."

Mama akanitazama kuanzia viatu. Nilikuwa na waya shingoni, bisibisi mfukoni, tepu nyeusi kiunoni na macho ya mtu ambaye hajalala. Nadhani sijawahi kufanana na fundi kiasi kile.

"Fundi? Basi hujatengeneza kitu. Nimechomeka tangu imeletwa, kimya kama kaburi. Ilivyotoka hapa ilikuwa inafanya kazi!"

Nikaomba kupita. Nikafungua mlango, nikavuta droo ya mboga, na kling, zikanitazama. Na nilipozishika tu, naapa, kumbukumbu ikanijia yote kwa mpigo: kitufe! Asubuhi nilikizungusha hadi sifuri. Ule ujanja ulifanya kazi sawasawa na ulivyokusudiwa. Nikatia funguo mfukoni, nikazungusha kitufe, nikaigonga friji ubavuni mara mbili kwa ajili ya heshima ya ufundi, na mota ikanguruma.

Mama akapiga makofi. "Huyu ndiye fundi! Sekunde moja!" Akamgeukia prodyuza. "Mkwe wangu, huyu umemtoa wapi? Mwambie asiondoke. Kuna pasi."

Nikamwangalia prodyuza. Prodyuza akaniangalia kwa macho ya kuomba. Ilikuwa saa moja na dakika 40.

Pasi ilikuwa waya umelegea kwenye plagi, na waya ndiyo riziki yangu, nikauunganisha. Baada ya pasi ikaja redio. Baada ya redio ikaja taa ya ukumbini, na mama akawa ananishikia kiti huku akinieleza jinsi mafundi wa siku hizi walivyo wezi. Gari la kamera lilirudishwa saa nne usiku, siku ya pili ikahesabiwa, na prodyuza akaniambia tutaongea kuhusu makato.

Mhariri alinipigia baada ya wiki moja, akauliza kama nina ukimya mwingine wa chumba, kwa sababu huu niliompa una watu wawili wanakunywa sabuni.

Pesa za tangazo bado ninazisubiri mpaka leo naandika. Lakini usiku ule, tukiwa tunaaga, mama alinivuta pembeni, akafungua fundo la kanga, akanihesabia noti mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake. "Wasikucheleweshee jasho lako, mwanangu," akasema. Kisha akauliza kama Jumamosi nina nafasi, kuna cherehani.

Jumamosi nilikuwa na nafasi.